Kabla Hujakabidhi Barua

Adeer, mtoto wa ndugu yangu, barua yako ya kujiuzulu nimeisoma mara mbili kwenye simu, kisha nikamwomba mamako anisomee kwa sauti, kwa kuwa jioni macho yangu hayanisaidii sana. Umeiandika vizuri. Sikuona hasira ndani yake, nikashukuru, maana anayeacha kazi kwa hasira huwa hajajiuliza anaenda wapi. Unasema miaka 9 kwenye kampuni inatosha, na sasa unataka kufungua ofisi yako ya ushauri, uhudumie kaunti na mashirika huku Mandera. Sina nguvu ya kubishana, wala sikukatazi. Nisikilize mpaka mwisho, basi.

Nianze na hilo neno ushauri. Hapa Lafey mshauri halipwi. Wazee hukaa chini ya mti tangu asubuhi, kesi ya kisima ikimalizika adhuhuri wanainuka kwenda kuswali, hakuna aliyemwandikia mwenzake ankara. Watu wako hekima watakuomba bure, na itakubidi uwape. Watakachokubali kukulipia ni kazi: utafiti uliokamilika, hesabu zinazosimama mbele ya mkaguzi, ripoti iliyofika kwa tarehe yake. Basi usije nyumbani na jina la kampuni na kadi nzuri, ukadhani kwamba kwa kuwa wewe ni mtoto wa hapa na umesoma, mlango utafunguka. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, na Lafey ikachagua mbunge wake wa kwanza, tuliodhani hivyo tulikuwa wengi.

Mimi nilikuwa mmoja wao, na hili sijawahi kukueleza sawasawa. Niliacha kazi ya shirika iliyokuwa na mshahara kila mwezi, nikaanza kuchukua kandarasi za utafiti. Ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili nilikuwa katikati yake, Novemba 2014, basi lililotoka Mandera kwenda Nairobi likashambuliwa, watu 28 wakauawa. Walimu wakaondoka, wauguzi wakaondoka, na vijiji nilivyopaswa kufika nikashindwa kuvifikia. Mkataba ulisema malipo ni baada ya ripoti ya mwisho. Haukusema lolote juu ya barabara kufungwa. Nilipomaliza hatimaye, ofisi iliyonipa kazi ilinizungusha miezi 14 kabla ya kunilipa. Katikati ya hayo, Aprili 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali ikazifungia hawala leseni, na msaada kidogo niliokuwa nikiutegemea kwa ndugu walio nje ukakwama. Niliuza ngamia wawili wa maziwa mwaka ule. Babako alikuwa hai, na hakuniuliza kitu. Ukimya wake ulinichosha kuliko deni.

Kwa hiyo usiponishika kwa lingine, nishike kwa hili. Mshahara ni kisima: maji yake si mengi, lakini ukirudi kesho yapo. Malipo ya ushauri ni mvua ya Gu. Hunyesha siku mbili, bonde likajaa, kisha jua. Na mvua ikinyesha kila mtu huiona. Siku utakayolipwa shilingi laki 8, habari itafika El Wak kabla ya magharibi. Ada ya shule, harusi, mgonjwa wa kupelekwa Nairobi, yote yatakuja kwako wiki hiyohiyo, na hakuna hata mmoja atakayekuwa mwongo. Utawapa, kwa sababu hukulelewa kunyima. Mwezi wa nne utakuwa ukikopa nauli.

Unajua tofauti ya silanga na berkad. Silanga iko wazi, nusu ya maji huchukuliwa na jua na nusu na mifugo ya kila mtu. Berkad ina kuta na paa, hufunguliwa kwa zamu. Pesa ya ushauri itie kwenye berkad: akaunti ya kampuni peke yake, nawe ujilipe kiasi kilekile kila mwezi, kidogo kuliko unacholipwa sasa. Ndugu waambie kiasi hicho, usiwaambie cha mkataba. Na kumbuka si yote ni yako. KRA hukatiwa asilimia 5 kabla pesa haijakufikia. Mauzo yakifika milioni 5 kwa mwaka utajisajili kwa VAT, na hapo ukishatoa ankara ile asilimia 16 inadaiwa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, hata kama kaunti haijakulipa senti. Nimewaona vijana wakikopa ili walipe kodi ya pesa ambayo hawajaishika. Mkopo wenyewe wa riba. Hilo nakuomba, kwa haki ya babako, usilifanye.

Kaunti si wabaya wote, lakini mwaka wao wa fedha hufungwa 30 Juni, na ankara iliyochelewa huingia kwenye rundo la madeni ambayo kila gavana mpya huyakuta na kuunda kamati ya kuyahakiki. Mashirika nayo hulipa vizuri zaidi mpaka siku yanapoondoka. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake, ilipofika Julai USAID haikuwepo tena. Waliokuwa na mikataba iliyosainiwa walibaki nayo mkononi. Mteja mmoja hakutoshi, Adeer, hata akiwa tajiri.

Sisi wafugaji hatuhamishi nyumba kwa kusikia kwamba mahali fulani kumenyesha. Tunatuma sahan: vijana wawili, siku nne tano, wakaone majani kwa macho, waulize nani anamiliki kisima, kisha warudi. Nawe bado una likizo. Mkataba wako ukikuruhusu, chukua kazi moja ndogo, uone wewe mwenyewe utalipwa baada ya siku ngapi. Kisha ukamuulize mwajiri wako mkopo wa wafanyakazi utakuwaje ukiondoka, na bima ya mamako inakoma siku gani. Majibu hayo ndiyo majani.

Ukija kabla ya mvua za Deyr, tukae na mamako tuandike majina ya wote wanaokula kwa mshahara wako, na mbele ya kila jina miezi wanayoweza kusubiri. Mimi nimeshaanza. La kwanza ni la mamako, la pili ni la dada yako aliyeko chuoni Garissa. La tatu ni langu, kwa sababu ya zile dawa za sukari unazoninunulia, na nimeliandika ili ujue kwamba anayekushauri naye ana lake ndani ya jambo hili. Mbele yake nimeweka miezi miwili.