Uso wa Mbwa na Hukumu Yetu

Atajwapo mbwa katika miji yetu ya pwani, neno la kwanza litujialo ulimini ni najisi. Na kwa sisi tufuatao madhehebu ya Imamu Shafi, chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja katika hizo kwa udongo. Hukumu hiyo i mahali pake, wala si nia yetu kuifungua leo. Tutakalo ni kuuliza jambo ambalo maji na udongo havilijibu: mbwa ametufahamu sisi kwa kadiri gani, na sisi tumemfahamu yeye?

Katika mji wa Budapest, nchi ya Hungaria, wataalamu wa tabia za wanyama walichukua mbwa na mbwa-mwitu waliolelewa kwa namna moja, mikononi mwa watu. Wakawafundisha kuvuta kamba wapate nyama; khalafu kamba ikafungwa isivutike. Mbwa-mwitu aliendelea kuing'ang'ania. Mbwa alivuta kidogo, kisha akageuka akamtazama mtu usoni. Khabari hiyo ilitangazwa mwaka 2003. Mwaka 2015 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Azabu, Japani, wakaonyesha kwamba mbwa na bwana wake watazamanapo kwa muda mrefu, huzidi katika miili yao wote wawili homoni iitwayo oksitosini, ile ile imzidiayo mama anyonyeshapo. Kwa mbwa-mwitu waliolelewa na watu, jambo hilo halikuonekana. Basi asemaye kwamba mbwa hatutakii illa chakula amesema nusu ya maneno.

Lakini khabari iliyonishughulisha zaidi ni ya Bi Alexandra Horowitz, wa New York, iliyotoka mwaka 2009. Wafugaji wengi husema: mbwa wangu akikosa hujijua, huinamisha kichwa, hukunja mkia, hukwepesha macho. Bibi huyu akawajaribu mbwa 14 pamoja na wenyewe. Mwenye mbwa humkataza mbwa wake asile kipande cha chakula, kisha hutoka chumbani. Huku nyuma, mara mbwa hula, mara chakula huondolewa asile. Bwana wake arudipo huambiwa amekula au hakula, na mara nyengine huambiwa lisilokuwa kweli. Matokeo yake yalikuwa nini? Ule uso wa mkosaji haukufuata kosa. Ulifuata ukali wa bwana. Na aliyekemewa hali hakukosa ndiye aliyeuonyesha zaidi.

Kadhi gani angeupokea ushahidi wa namna hii? Mnyonge hutetemeka mbele ya mwenye nguvu kwa kuwa ana nguvu, si lazima kwa kuwa amekosa. (Waalimu wenzangu wa vyuo na walikumbuke hili wamwonapo mtoto ameinama mbele ya bakora.)

Mbwa, basi, amejifunza kuusoma uso wa mwanadamu hata huijua ghadhabu kabla haijafika mkononi. Sisi tunapousoma uso wake huona yaliyomo vifuani mwetu. Ampendaye humwona kama mwanawe mtundu aliyetubia. Amchukiaye, amwonapo ametambaa ukutani mkia u katikati ya miguu, husema huyu ajijua mwovu, akaokota jiwe. Wote wawili wamehukumu bila ya kumtazama. Na huyu wa pili, khasa akiwa katika watu wetu, hujitetea kwa neno la najisi, kana kwamba tohara ya chombo ni ruhusa ya kumvunja mnyama mguu. Katika kitabu gani cha fiqhi ameyasoma hayo?

Sote tunaijua hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ya mtu aliyetoka kisimani akamkuta mbwa anahema, analamba udongo kwa kiu. Wengi huikumbuka kwa ajili ya msamaha alioupata. Mimi husimama kabla ya hapo, pale aliposema moyoni kwamba kiu hii imemfika mbwa kama ilivyomfika yeye. Huyo alimtazama mbwa akaona kiu, wala hakuona jingine. Kisha akateremka kisimani tena, akajaza maji kiatu chake, akakishika kwa kinywa ili apate kupanda.

Sisi hatuteremki kisimani; maji yamo majumbani. Mwenye kuchelea chombo chake, na aweke kifuu cha nazi nje ya mlango, khasa miezi hii ya kaskazi.