Habari ya Maafa ni ya Nani?

Tarehe 1 Machi 2010, udongo wa mteremko wa Mlima Elgon uliporomoka ukafunika kijiji cha Nametsi, wilayani Bududa, pamoja na zahanati yake. Watu zaidi ya 300 walihofiwa kufa, lakini miili iliyochimbuliwa ilikuwa karibu 100. Gazeti linaweza kuweka idadi yoyote kati ya hizo kwenye kichwa cha habari, na lisiwe limesema uongo. Je, uhuru huo wa kuchagua una mpaka?

Wapo wanaosema kwamba kila gazeti lina wasomaji wake. Hoja hii ina uzito. New Vision na Bukedde ni ya kampuni moja, Vision Group, lakini la kwanza huandikwa kwa Kiingereza na la pili kwa Kiganda, kwa sababu afisa wa serikali na mwenye duka hawaulizi maswali yaleyale. Mmoja anataka kujua sera ya kuwahamisha watu. Mwingine anataka kujua aliyekufa ameacha watoto wangapi. Kumjibu kila mmoja swali lake si kosa. Hata sisi tukipeleka taarifa ya msiba, hatumwambii mtoto kama tunavyomwambia mzee.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Wamasaba wa Bududa huzungumza Lumasaba, na magazeti hayo mawili hayaandikwi kwa lugha hiyo. Wao ni habari, si wasomaji. Kwa hiyo ni rahisi kuandika kwamba "wamekataa kuhama", maneno yanayomtuliza msomaji wa mjini, bila kueleza kwamba udongo uleule wa volkano ndio unaowapa kahawa na ndizi, wala kwamba waliohamishiwa Kiryandongo waliyaacha mbali makaburi ya wazee wao. Maporomoko yalipoua tena Bulambuli, Novemba 2024, swali nililolisikia hapa Kampala lilikuwa lilelile: kwa nini hawahami?

Kwa maoni yangu, gazeti lina haki ya kuchagua lugha, picha na swali la kuanzia. Halina haki ya kuchagua wa kulaumiwa ili kumpendeza anayelinunua. Mtu atasema mfiwa naye ana upande wake. Ni kweli, lakini upande huo ndio usiosikika. Mwandishi na ajiulize: nikimsomea mfiwa habari hii kwa Lumasaba, ataitambua kuwa ndiyo iliyompata? Asipoitambua, basi tumemliwaza msomaji, hatujampasha habari.