Mwenye Kidonda Usimuuzie Matumaini

Mwenye kidonda kisichopona ni mtu rahisi kumdanganya. Usiku halali, mchana hatembei sawasawa, wajukuu wanakaa mbali naye kwa sababu ya harufu, na kila anayebisha hodi ana dawa ya kumtajia. Mfa maji haachi kutapatapa. Ndiyo maana nasaha ya leo simpi yeye. Inatuhusu sisi tunaomzunguka, na hasa vijana wetu wa Musoma, Bunda na Butiama wanaotembea na pakiti za unga wa matunda wakisema mna seli shina ndani yake, za kufunga donda ndugu na kumaliza kisukari.

Maneno hayo utayasikia stendi, kwenye semina za fursa, hata nje ya nyumba ya ibada watu wakiagana. Kijana anafungua simu, anaonyesha picha mbili: mguu uliooza, kisha mguu mzima. Ukimuuliza mguu ni wa nani, atasema ni wa mama mmoja wa Mwanza. Ukimuuliza mama huyo anapatikana wapi, anahamia kwenye bei.

Sisemi seli shina hazipo. Zipo, na habari zake ni za kutia moyo. Mwaka 2001 Patricia Zuk na wenzake huko Los Angeles walionyesha kwamba mafuta yanayonyonywa mwilini kwa upasuaji, ambayo kwa kawaida yalitupwa, yana seli zinazoweza kugeuka mfupa, gegedu au msuli. Mafuta hayo huoshwa, hutiwa kimeng'enya kinachoachanisha seli na nyuzi, kisha huzungushwa kwa kasi kwenye mashine mpaka seli zitulie chini. Zikiwekwa kwenye kidonda sugu, kazi yake kubwa si kugeuka ngozi mpya. Hutoa kemikali zinazochochea mishipa midogo ya damu kuota na uvimbe kutulia. Lakini hizo ni seli hai za binadamu, zinazotunzwa maabara na kuwekwa na daktari. Unga wa matunda uliokaushwa, ukasafirishwa, ukakaa stoo miezi kadhaa, kisha ukakorogwa na kunywewa, tumbo litaumeng'enya kama linavyomeng'enya ugali. Hautafika kwenye kidonda ukiwa seli shina ya kitu chochote.

Na hata zile za kweli bado ziko kwenye mizani. Ulaya iliruhusu mwaka 2018 dawa iitwayo Alofisel, iliyotengenezwa kwa seli za mafuta, kwa wagonjwa wa Crohn, ugonjwa wa utumbo, wenye fistula karibu na njia ya haja kubwa. Utafiti mkubwa uliofuata haukuthibitisha manufaa yake, na mwaka 2024 ikaondolewa sokoni. Nawaheshimu watu wanaoweza kusema hadharani kwamba tulichotumaini hakikuthibitika. Huko Florida mambo yalikuwa mengine: mwaka 2017 madaktari waliripoti habari za wanawake watatu waliodungwa machoni seli zilizotokana na mafuta yao wenyewe, kwa malipo, wakapoteza uwezo wa kuona. Baadhi yao waliamini wanashiriki utafiti. Kwa hiyo, mtu akikuambia uchangie fedha nyingi ili ufanyiwe majaribio, uliza maswali mengi kabla hujatoa hata shilingi.

Hapa kwetu tiba ya seli shina imeshaanza, na haiuzwi stendi. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ilianza mwaka 2023 kuwapandikiza uloto, ambao ndio wenye seli shina za damu, watoto wenye sikoseli. Ni kazi ya madaktari bingwa, ya wodi iliyotengwa, ya vipimo vya mgonjwa na vya ndugu anayemchangia.

Watu wa Mara hatuhitaji kufundishwa madhara ya tiba ya miujiza. Mwaka 2011 magari yalipita kwetu yakielekea Samunge, Loliondo, kwenye kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa shilingi 500 tu, hakuna aliyefilisika kwa bei ile. Madhara yalikuwa kwa walioacha dawa zao za Ukimwi na za kisukari wakiamini wameshapona. Pakiti ya leo ina madhara yale yale, na juu yake inawafanya watu wauze mbuzi wao. Mguu wa mwenye kisukari hausubiri. Kidonda cha wiki hii, kikiachwa mwezi mzima huku mtu anakunywa unga, ndicho kinachopelekwa chumba cha upasuaji kukatwa mguu.

Kisukari huua hisia za nyayo. Mzee anavua katambuga jioni, anakuta msumari umetoboa mpira na unyayo una damu, na kutwa nzima hakusikia kitu. Mzee huyo anahitaji mtu wa kumkagua miguu kila jioni, mpaka katikati ya vidole. Dk. Zulfiqarali Abbas wa Dar es Salaam ametumia miaka mingi kuwafundisha wahudumu wa afya nchini jambo hili: kusafisha kidonda, kuondoa nyama iliyokufa, kudhibiti sukari, kuupumzisha mguu. Huduma hiyo itafuteni mapema kwenye kituo chenu cha afya, hospitali ya wilaya, au ile ya rufaa ya Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere pale Kwangwa.

Nanyi wanafamilia, inasikitisha kuona kikao cha ukoo kikichanga fedha za katoni zima la unga, halafu hapatikani mtu wa kutoa nauli ya bodaboda kumpeleka mama kubadilishiwa bandeji. Kidonda kinanuka, ndiyo. Aliyekulea alikuogesha bila kuziba pua.

Nawe kijana wangu uliyeingizwa kwenye biashara hii kwa kuahidiwa gari, najua ajira ni ngumu, na huenda nawe ulidanganywa kabla hujadanganya. Bado unawajua kwa majina uliowauzia, na nyumba zao unazijua. Nakusihi, wiki hii rudi kwa yule mwenye kidonda. Mwambie unga ule si dawa, mrudishie alau sehemu ya fedha yake, kisha mpakize kwenye pikipiki umpeleke hospitali.