Mafuta Yaliyobaki Ndani

Foleni ya asubuhi kutoka Changamwe kuingia kisiwani humchosha kila dereva, na humchosha zaidi mwenye gari lililokula chumvi nyingi. Malori ya bandarini yanatambaa, matatu zinachomekea, na juu ya daraja la Makupa jua halina huruma. Wiki jana mwalimu mmoja wa kanisa letu alivuka pale huku jicho moja liko barabarani na jingine kwenye mshale wa joto. Tulikuwa na ahadi ya kwenda pamoja kumwona mgonjwa. Akanipigia simu kwamba amekwama kwa fundi, Makupa, nami nikamfuata. Nilimkuta kwenye benchi chini ya mwarobaini, mkoba mapajani, anatazama tone jekundu likidondoka mchangani kutoka tumboni mwa Toyota yake ya siku nyingi.

"Ni rejeta tu, Mchungaji," akaniambia. "Nitatia maji kidogo twende zetu."

Fundi, mzee wa maneno machache, hakuinua boneti. Alichana katoni ya sabuni, akalisukuma pande lake chini ya gari, upande mweupe juu, kisha akatuambia tunywe chai kwanza. Tulipomaliza alilivuta. Palikuwa na madoa mawili, si moja. Doa la kwanza lilikuwa limelowesha karatasi na kutambaa pembeni. La pili lilikuwa dogo, limejikusanya, linang'aa. Akagusa la kwanza kwa kidole: jepesi kama maji, lina harufu tamu. Akagusa la pili, akalisugua kati ya kidole na gumba: linateleza, na linanuka moto.

"Hii si moja, mwalimu. Hii ni kulanti, maji ya kupoza injini. Hii nyingine ni mafuta ya giaboksi."

Kumbe Toyota nyingi hutoka kiwandani na kulanti nyekundu au ya waridi, na mafuta ya giaboksi ya otomatiki nayo huwa mekundu. Anayetazama rangi pekee atahesabu mvujo mmoja pahali palipo na miwili. Kabla hajaendelea, fundi aliteka mchanga kwa kiganja akafunika tone la kulanti pale chini. Nilipomuuliza sababu alinionyesha paka waliolala chini ya matairi. Wakiilamba, kiasi kidogo tu chaharibu figo za paka hadi akafa.

Niliupenda mwendo wa mzee yule. Sisi, nyumbani mwetu, tunampa mtu muda wa kikombe cha chai kabla ya kuamua kinachomtoka? Baba anafoka kwa sababu ya chumvi kwenye mchuzi, tunasema ana hasira. Huenda ni hasira. Huenda pia ni hofu ya kodi ya nyumba, au huzuni ya mzazi aliyezikwa mwaka juzi na ambaye hakupata kumlilia. Kwa mbali vyote ni vyekundu. Ni lini mara ya mwisho ulimkaribia mtu wa nyumbani kwako kiasi cha kutofautisha?

Fundi alipoona rejeta imepoa ndipo akafungua kifuniko, maana rejeta yenye moto ikifunguliwa maji humrukia mtu usoni. Ndani hapakuwa na kulanti nyekundu tena. Palikuwa na uji mzito wa waridi, rangi ya faluda, umeganda mdomoni mwa rejeta. Mwalimu aliinuka kutoka kwenye benchi.

Wengi tunaoendesha magari ya otomatiki hatujui kwamba mafuta ya giaboksi nayo hupata moto, na kwamba kwenye magari mengi hupelekwa kwa paipu hadi kwenye rejeta ili yapoe. Humo yana njia yake, kijichombo cha chuma kilichozama ndani ya kulanti. Hupita, huacha joto lake, hurudi kazini. Vitu viwili vinasaidiana siku nzima bila kugusana, na kinachovitenga ni ukuta mwembamba wa bati. Ukuta huo ukitoboka, mafuta huingia kwenye kulanti na kulanti huingia kwenye giaboksi. Kule ndani mna visahani vilivyogandishiwa utando wa kushikia. Maji huulegeza utando huo, ukabanduka, na siku moja injini inanguruma lakini gari haliendi.

Na ukuta ulitobolewa na nini? Fundi aliuliza maji ya kujazia yalikuwa yakitoka wapi. Kisimani, akajibu mwalimu. Mjini kwetu mifereji ikikauka sote twachota kisimani, na visima vingi vya kisiwa hiki vina chumvi. Kijana wa nyumbani kwake alikuwa akiijaza rejeta kila alfajiri, kwa uaminifu, bila kuambiwa na mtu kwamba maji yale yanakula chuma polepole. Fundi hakumlaumu, na mimi sioni la kumlaumu. Upendo mwingine huharibu bila kukusudia, kwa kuwa ulitumia kilichokuwa karibu.

Kisha mwalimu akauliza swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima. "Si uyamwage tu haya machafu utie mapya?"

"Nitamwaga," akasema mzee. "Lakini hayatatoka yote."

Akaeleza. Ukifungua nati ya chini ya giaboksi, yanayotoka ni yale yaliyo kwenye sinia, mara nyingi chini ya nusu. Mengine yamo ndani ya toki konveta, lile duara la chuma lililofungwa kati ya injini na giaboksi, na mengine yamo kwenye mapaipu. Nati haiyafikii. Kwa hiyo fundi humwaga, hujaza mapya, huwasha gari, hupitisha gia zote ili ya ndani yachanganyike na kushuka, kisha humwaga tena. Mara ya kwanza hutoka faluda. Mara ya pili hutoka faluda iliyopungua rangi. Anarudia mpaka atakapoona wekundu safi, na hata hapo atakwambia urudi baada ya kuliendesha kidogo.

Mambo ya mwalimu nayaacha, si yangu kuyasimulia. Lakini wapo wengi wanaonijia na neno moja kuhusu msamaha. Mtu alimsamehe dada yake, mbele ya wazee, wakashikana mikono na kulia. Miezi ikapita kwa amani. Halafu jina la dada likatajwa kwenye chama, au wakakutana arusini, na moyo ukapinduka upya kana kwamba jambo limetokea jana. Sasa anaona haya. "Mchungaji, kumbe sikusamehe. Kumbe nilikuwa mnafiki."

Mpendwa, ulisamehe. Yaliyotoka siku ile yalitoka kweli. Yaliyobaki yalikuwa mahali ambapo nati haifiki, na hayashuki gari likiwa limesimama. Hushuka maisha yanapotembea: arusi ikija, msiba ukija, mtoto wako akicheka kicheko cha yule aliyekuumiza. Uchungu ukipanda kooni siku hiyo, usijihukumu. Yamekwisha kushuka, na sasa yanaweza kumwagwa.

Petro alimuuliza Bwana amsamehe ndugu yake mara ngapi, naye akadhani mara saba ni ukarimu mkubwa. Jibu alilopewa lilizidisha hesabu hiyo hadi mtu akachoka kuhesabu. Kwa muda mrefu nililisoma jibu hilo kama agizo kuhusu makosa mengi. Siku hizi naona laweza kuwa juu ya kosa moja tu, lile kubwa, ambalo mtu hulisamehe Jumatatu na kulisamehe tena Alhamisi. Hukuona wewe mwenyewe kwamba kosa dogo husamehewa mara moja likaisha, lakini lile zito hudai kurudiwa?

Na kurudia huko hakuna fahari yoyote. Ni kumtaja mtu huyo katika sala ya asubuhi hata kama maneno ni makavu. Ni kukaa kimya pale unapopata wasikilizaji wazuri wa kisa chako na umekwisha kuvuta pumzi ya kukianza. Ni kujibu salamu yake kwenye simu, sentensi moja tu, bila kisu ndani yake. Kesho tena.

Ila mzee wa Makupa alisema neno jingine, na nisiposema hili nitakuwa nimekudanganya. Mwalimu alitaka kazi ya kumwaga ianze palepale. Mzee akakataa. "Nisipobadilisha rejeta kwanza, nitakula pesa zako bure." Mafuta mapya yangepita kwenye tundu lilelile na kugeuka faluda ileile. Nimewasikia watu wakimwambia mwanamke anayepigwa kwamba asamehe na arudi, asamehe na arudi. Hiyo ni kujaza mafuta mapya kwenye ukuta uliotoboka. Dada yangu, kusamehe ni kazi ya moyo, na waweza kuifanya ukiwa mahali salama, mlango umefungwa. Kama unapigwa, piga 1195 hapa Kenya, haitozi, kisha utafute mtu wa kukaa nawe. Mazungumzo ya msamaha yatakungoja.

Mwalimu alikubali rejeta nyingine. Asingekuwa na uwezo, kulikuwa na njia nyingine, na mafundi wengi huitumia: mapaipu ya mafuta hung'olewa kwenye rejeta, hufungwa kijirejeta kidogo cha pekee mbele ya gari kwa ajili ya giaboksi, na tangu siku hiyo mafuta na kulanti havikutani tena popote. Gari hutembea vizuri. Haliko kama lilivyotoka kiwandani, basi.

Nawajua ndugu wawili waliorithi duka moja, na duka hilo nusura liwamalize. Baada ya wazee kushindwa, waliliuza, wakagawana, kila mmoja akafungua lake mtaa mwingine. Hawakopeshani, hawaulizani mauzo. Mama yao alipolazwa walipokezana zamu za usiku kwa muda wote aliokuwa wodini, na yule aliyetoka zamu alimweleza mwenzake dawa gani imekwisha kutolewa na ipi bado. Wapo washirika wangu wanaouliza kama huo ni upatanisho wa kweli au ni nusu tu. Huwa nawaambia wakamuulize mama yao.