Mzee Akiyumba, Ulizeni Maji

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia uhai wa kila kiumbe uwe katika maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na ali zake na masahaba wake. Amma baad.

Ndugu Waislamu, leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wetu hulidharau, nalo ni kuanguka kwa wazee wetu majumbani. Mzee huinuka kitandani kwenda kutawadha kwa Sala ya Alfajiri, kichwa kikamzunguka, miguu ikamtetemeka, akaanguka mlangoni. Nyonga ikivunjika katika umri huo, wengi hawarejei kutembea kama walivyokuwa. Nasi twasemaje? Ama twasema, "Ni uzee, hauna dawa," ama twasema, "Amekumbwa na jini," tukamwita mganga. Tukamnywesha kombe kikombe kimoja, na maji matupu ya mtungini tusimpe. Maneno yote mawili ni kuukimbia wajibu.

Yafaa tujue kwamba katika mwili wa kijana mwanamume, kadiri ya sehemu 60 katika 100 za uzito wake ni maji, na akizeeka kadiri hiyo hushuka hata ikakaribia 50. Basi akiba ya mzee ni ndogo. Tena figo zake haziyazuii maji kama za kijana. Na lililo kubwa zaidi, kiu humpungua. Mwili wake waweza kukauka naye asihisi. Kumngojea mzee mpaka aombe maji, basi, ni kumngojea aeleze asilolihisi.

Maji yakipungua mwilini, damu nayo hupungua. Mtu akisimama, damu huteremkia miguuni, na mwili wenye maji ya kutosha huikaza mishipa upesi ikarejea juu. Lakini kwa mzee aliyekaukiwa, damu haifiki kichwani kama itakikanavyo. Huona kiza, akayumba. Madaktari wana kipimo chake: presha ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10 au zaidi, katika dakika 3 za kusimama, hiyo ni alama ya hatari. Ukavu huo pia huidhoofisha misuli na kuivuruga fikra, hata hatua zikakosa uthabiti. Na joto la kaskazi, na kuharisha, na dawa za presha zenye kukojosha, vyote huuzidisha.

Twamkumbuka mzee mmoja wa mtaa wetu, asiyekosa safu ya mbele msikitini, mwenye kufunga Jumatatu na Alkhamisi. Tulipomwona akitembea kwa kushika ukuta, tuliisifu subira yake wala hatukumwuliza kitu. Alipoanguka mara ya pili ndipo mmoja wetu alipomwuliza, "Mzee wetu, maji wayanywa?" Akajibu, "Wanangu, ikisha Laasiri sinywi, hata siku nisiyofunga. Nikinywa huamka usiku, na nikiamka, mkaza mwanangu naye huamka kuja kunishika mkono. Naona haya kumsumbua."

Tuliinamisha vichwa. Mzee alikuwa akijinyima maji ili asiwachoshe watu wake, nasi tukiyaita hayo ucha Mungu. Na yule mkaza mwana hakuwa amemtamkia neno lolote baya. Lakini mzee huusoma uso. Mwenyezi Mungu ametukataza kuwaguniya wazazi waliofikia uzee japo kwa sauti ndogo kabisa ya kuchoka. Je, uso uliokunjwa usiku wa manane si mguno?

Wala dini haikuwataabisha wazee. Mzee asiyeiweza saumu ya Ramadhani amepewa rukhsa ale, na kwa kila siku amlishe maskini. Sembuse saumu ya sunna! Na anayezunguliwa na kichwa akisimama, asali ameketi. Anayeikubali rukhsa ya Mola wake hakupungukiwa na imani.

Basi tufanyeje? Wataalamu wa lishe ya wazee wasema mwanamke apate vinywaji visivyopungua lita 1.6 kwa siku, na mwanamume lita 2, yaani gilasi 8 za robo lita. Chai, maziwa, uji na madafu vyote vimo katika hesabu. Mpeni gilasi moja baada ya kila Sala na moja kwa kila mlo, nanyi mtakuwa mmetimiza. Sehemu kubwa ainywe kabla ya Magharibi, ili usiku umpitie kwa wepesi. Wekeni chombo cha haja ndogo karibu na kitanda, na taa njiani. Naye akiamka asikurupuke. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, kisha ndipo asimame.

Lakini mwenye maradhi ya moyo au ya figo na afuate kadiri aliyowekewa na daktari wake, kwani kwake maji mengi huweza kuwa madhara. Na si kila kuanguka ni kwa ukosefu wa maji. Macho, masikio, sukari na dawa pia huwa sababu. Kwa hiyo mzee aliyeanguka apelekwe akapimwe, wala msiache dawa zake kwa rai yenu. Mtume wetu (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, na ametufundisha kumfunga ngamia kwanza, kisha ndipo tutawakali.

Ewe ndugu, usiku wa leo mtazame mzee wako. Usimwulize kama ana kiu, bali mpelekee maji kwa mkono wako, nawe ukunjue uso. Yeye alikuamkia usiku mwingi ulipokuwa mchanga, wala hukumwona akikuhesabia.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wema kwa wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.