Salama kwa Nani?

Beshte yangu wa Embu anajiandaa kufuga nyoka wake wa kwanza: tangi la kioo, taa ya joto, hata kibali cha KWS kama sheria ya 2013 inavyodai. Ana hoja: "Huku nyoka akionekana ni panga tu. Kwangu atakuwa salama."

Lakini pale Chuka na milima ya Nyambene, Meru, kuna Atheris desaixi, nyoka wa mitini asiyepatikana nje ya Kenya. Wafugaji wa ng'ambo walimtamani hadi, tangu 2017, CITES inadhibiti biashara yake. Mapenzi pia humtoa nyoka msituni.

Nadhani anayetaka kumwokoa nyoka aanze na jirani mwenye panga. Ni kazi ngumu kuliko kununua tangi, na haina cha kuonyesha wageni.