Habari Ziwafikie Popote Walipo

Hudhayfa bin al-Yaman, sahaba wa Mtume, aliusia kwamba akifa asitangazwe. Alichelea tangazo lake lisije likaangukia katika desturi ya zama za ujinga ambayo Mtume aliikataza, ile ya kutuma mpiga mbiu azunguke akimlilia marehemu na kuzitangaza fahari zake. Riwaya hiyo imo katika Tirmidhi. Katika Bukhari imo nyingine: siku aliyofariki Najashi, mfalme wa Uhabeshi, Mtume mwenyewe ndiye aliyewapasha watu habari, akatoka nao, akawapanga safu na kupiga takbira nne kumswalia maiti aliyekuwa ng'ambo ya bahari.

Mimi nimelelewa Kilwa Kivinje kati ya riwaya hizi mbili, na kati yake palikuwa na redio.

Ilikuwa ya baba, ikikaa juu ya kabati, na betri zake za National zikianza kuchoka tulizianika juani ili zisukume siku mbili tatu zaidi. Muziki wa maombolezo ulipopigwa, nyumba nzima ilinyamaza, hata mama aliacha kutwanga. Kisha msomaji akaanza: fulani wa Newala anasikitika kutangaza kifo cha mama yake mzazi, habari ziwafikie fulani wa Kahama, fulani wa Tunduru, na ndugu, jamaa na marafiki popote pale walipo. Mwalimu wetu wa chuoni hakuyapenda matangazo yale. Alisema hiyo ndiyo mbiu aliyoiogopa Hudhayfa, imebadilisha farasi tu. Baba alimjibu kwa Najashi. Walibishana hivyo miaka mingi barazani, kwa heshima, na kila mmoja alikuwa na kitabu chake.

Kwangu mimi suala hili liliamuliwa na kifo cha bibi, mzaa baba. Alifariki alfajiri ya masika, miaka ya sabini, na kwa kuwa sisi hatumlazi maiti pasipo sababu, kabla ya alasiri alikuwa kaburini. Mwanawe wa mwisho, baba yangu mdogo, alikuwa Korogwe akikata mkonge. Wakati ule masika yalitufunga watu wa kusini: Rufiji ikifurika, kivuko cha Ndundu kilisimama, na daraja tunalolipita leo halikufunguliwa hadi 2003. Mtu hakupita, lakini sauti ilipita. Baba alipeleka telegramu kwa shemeji yake Dar es Salaam, naye akaenda na karatasi hadi jengo la redio, Barabara ya Pugu. Baba alikuwa ameongeza sentensi moja: mwenye kumdai marehemu, au anayejua deni lake, awasiliane na wanawe.

Baba mdogo aliisikia habari ile kambini, katika redio ya nyapara. Hakuwa na njia ya kufika na hakujaribu. Aliwaita wenzake, wakatia udhu, wakapanga safu wakaswali swala ya ghaibu, ambayo sisi watu wa madhehebu ya Shafi tunaijuzisha, na hoja yake ni yule yule Najashi. Baada ya majuma kadhaa ikaja barua yake: mama aliwahi kumwambia kwamba amechukua doti ya kanga kwa mwanamke mmoja wa Mavuji na hajamaliza kulipa. Baba akaenda Mavuji, akamkuta yule mama, akalipa. Mwanamke yule alikuwa ameshaamua kunyamaza, maana aliona haya kuwadai wafiwa.

Tunafundishwa kwamba roho ya muumini imefungika na deni lake hadi lilipwe. Basi tangazo lile lilifanya kazi ambayo jeneza, sanda na hitima yetu havikuweza kuifanya. Ndiyo maana nasema alichokiogopa Hudhayfa ni fahari ya walio hai, na alichokifanya Mtume kwa Najashi ni kumpa maiti haki yake. Kitendo kwa nje ni kimoja. Kinachokitenga ni nani anafaidika.

Na redio ile, kwa umbo lake tu, iliibana fahari. Ilianza 1951 ikiitwa Sauti ya Dar es Salaam, chini ya ukoloni, ikawa shirika mwaka 1956, na 1965 serikali ikaichukua moja kwa moja ikawa Radio Tanzania Dar es Salaam. Hadi Radio One ilipoanza mwaka 1994, Bara tulikuwa na sauti hiyo moja. Madhara ya sauti moja katika siasa tunayajua. Lakini katika vifo, mkulima wa Liwale alisomwa akifuatana na mkurugenzi, kwa maneno yale yale na mwendo ule ule wa msomaji. Aprili 12, 1984, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuja hewani kutuambia kwamba Waziri Mkuu Sokoine amefariki kwa ajali ya gari, na tulilia nchi nzima. Wazee wetu wa Kilwa waliipokea habari hiyo kama walivyoipokea ya bibi: wakauliza atazikwa lini na wapi.

Siku hizi habari inafika kwenye simu kabla maiti hajafumbwa macho, na mara nyingine picha yake imo. Nimeona vijana wakigombea nani awe wa kwanza kuituma. Hapo namwelewa Hudhayfa vizuri kuliko zamani, kwa sababu ujumbe ule haumwombi mtu afanye lolote, hautaji kaburi wala deni.

Lipo jambo moja ambalo redio haikulitatua. Tangazo lililipiwa. Kwenye kambi za mkonge walikufa manamba waliotoka mbali, ambao hakuna aliyejua jina la kwao, achilia mbali kuwalipia. Mwalimu wetu wa chuoni, ambaye hakukubaliana na baba hadi anakufa, ndiye aliyetufundisha kuswali ghaibu kwa nia ya Waislamu wote waliofariki siku hiyo, kila mahali, bila kuwataja. Aliyatoa hayo katika vitabu vya fiqhi, lakini nina hakika alianza kuyatilia mkazo kwa sababu alikaa miaka yote ile barazani kwetu akisikiliza majina ya wale waliokuwa na wa kuwalipia.